Maji ya Chokaa ya Tangi la Matumbawe: Namna ya Kupima Ukali Wake kwa Siki, Manjano na Mita ya EC

Ilikuwa alasiri ya Februari nyumbani kwangu Mamboleo, Kisumu. Sebuleni joto lilikuwa nyuzi 30 na feni ilikuwa ikizungusha hewa moto tu. Nikachovya kalamu ya pH kwenye ndoo ya maji ya chokaa ninayodondosha tangini, yaani kwenye tangi la maji ya chumvi ninamofuga matumbawe, ikasoma 12.3. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba maji ya chokaa yaliyoshiba, yaani yaliyoyeyusha chokaa yote yanayoweza kubeba, husoma 12.45. Nikaona basi, chokaa imekufa. Nikatia vijiko viwili vikubwa vya unga, nikakoroga, nikafungua mpira wa kudondoshea bila kusubiri unga utulie, nikaenda kulala. Asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, na matumbawe yote yamejikunja kama ngumi.

Chokaa ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yameshiba kabisa, na kalamu haikukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu nililinganisha maji ya Kisumu ya alasiri na namba iliyopimwa katika nyuzi 25. Aliyenifungua macho ni mzee jirani yangu, mstaafu wa maabara ya kiwanda cha sukari huku kwetu kwenye ukanda wa miwa, ambako maziwa ya chokaa hutumiwa kusafishia maji ya muwa kabla hayajachemshwa. Alisikiliza kisa chote, akacheka, akasema: "Kijana wangu, chokaa haipimwi kwa kitabu. Mtengenezee mwenzake, uwaweke kando kwa kando, uone nani mkali."

Mwongozo huu wote umesimama juu ya maneno hayo. Vifaa vingi viko jikoni, kwenye duka la dawa na kwenye kituo cha petroli.

Unapima nini hasa

Maji ya chokaa ni hidroksidi ya kalsiamu iliyoyeyuka majini. Aliyesoma kemia shuleni anayakumbuka: ndiyo yale tuliyopuliza kwa mrija hadi yakageuka maziwa. Pumzi ina kaboni dioksidi, nayo ikikutana na chokaa iliyoyeyuka huzaa kabonati ya kalsiamu, ule weupe usioyeyuka. Kumbuka jaribio hilo, maana kinachotokea kwenye ndoo yako isiyo na kifuniko ni hilohilo, polepole, usiku na mchana.

Lita moja ya maji hubeba unga kidogo sana: kama gramu 1.5 tu katika nyuzi 25. Ukizidisha, unga hukaa chini. Kuna jambo linalowashangaza watu hapa. Chokaa si kama sukari kwenye chai. Maji yakipata joto, uwezo wake wa kubeba chokaa unapungua. Maji yaliyoshiba ya Kisumu mchana ni dhaifu kidogo kuliko yaliyoshiba ya Nakuru asubuhi, na wote wawili mmefanya kazi yenu sawasawa.

Katika nyuzi 25, lita moja iliyoshiba ina takriban miligramu 810 za kalsiamu na ualkali (uwezo wa kuzima asidi) wa karibu milikwivalenti 40, yaani kama 114 kwa dKH, kizio cha ualkali wanachotumia wafugaji wa matangi. Tuseme tangi lako lina lita 200 na kila siku lita 3 zinapotea kwa mvuke. Ukirudisha lita hizo 3 kwa maji ya chokaa yaliyoshiba, umeongeza ualkali wa kama dKH 1.7 na kalsiamu miligramu 12 kwa kila lita ya tangi. Matumbawe yenye mifupa hula vyote viwili kwa uwiano huohuo, na ndiyo maana wafugaji wengi wanayapenda maji haya.

Sasa chukulia kwamba ndoo yako imeshuka hadi asilimia 60 nawe hujui. Matumbawe yanapata dKH 1 tu kwa siku badala ya 1.7. Huwezi kudondosha zaidi ya kinachopotea kwa mvuke, la sivyo chumvi ya tangi itashuka. Baada ya wiki mbili ualkali umeteremka nawe unailaumu taa, chumvi, hata aliyekuuzia matumbawe.

Kwanza, chunguza unga

Huku kwetu neno "chokaa" linabeba vitu vitatu, na ukivichanganya hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Chokaa ya shambani, ile wakulima wa Kakamega na Bungoma wanayomwaga kupunguza uchachu wa udongo, kwa kawaida ni mawe ya kabonati yaliyosagwa. Kwa tangi haifai: haiyeyuki. Chokaa hai, iliyotoka tanuruni, hutoa moto ikiguswa na maji. Iache huko. Unayoitaka ni chokaa iliyozimwa, hidroksidi ya kalsiamu. Chokaa ya ujenzi, kama inayotoka Koru ambako mwamba wa chokaa umechomwa kwa miaka mingi, nayo imezimwa, lakini imetengenezwa kwa ukuta. Inaweza kuwa na magnesi, chuma na fosfeti, na wapakaji rangi hawana neno na hayo. Mimi hununua ya daraja la maabara kwa wauzaji wa kemikali za shule. Bei ni ya juu, ila kilo moja inatengeneza lita mia kadhaa.

Jaribu unga hivi: weka ncha ya kijiko kwenye glasi, mimina siki juu yake. Hidroksidi nzima huyeyuka kimya. Ukisikia mchemko na kuona mapovu, hiyo ni kabonati. Unga umekula hewa. Mapovu machache si msiba. Yakifurika kama soda iliyotikiswa, tupa.

Jaribio hilohilo litumie kwa masimbi yaliyokaa chini ya ndoo. Wengi hudhani kwamba mradi kuna unga chini basi maji yameshiba. Si kweli. Niliwahi kuwa na tope la kidole kizima chini ya ndoo, na lote lilikuwa kabonati, limekaa pale kama mgeni asiyesaidia kazi.

Vifaa

Maji ya betri, yale yasiyo na madini yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma chupa mara mbili: pembeni yake huwa kuna asidi ya betri, na chupa zake zinafanana. Maji ya bomba yana bikaboneti, ambayo hula sehemu ya chokaa kabla hujaanza kupima. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yanakaribia, ila vumbi na vinyesi vya ndege vinakuja navyo.

Siki nyeupe, isiyo na rangi. Asilimia yake imeandikwa kwenye chupa. Mara nyingi ni 4 au 5.

Unga wa manjano, ule wa kupikia, na spiriti ya dukani kwa dawa.

Mabomba matatu ya sindano bila ncha: mawili ya mililita 10 na moja la mililita 20. Yaandike kwa kalamu isiyofutika: "chokaa" kwenye la 20, "siki" kwenye moja la 10, "maji" kwenye lililobaki. Usiyabadilishe kazi hata siku moja.

Glasi mbili nyeupe zinazopitisha mwanga, karatasi nyeupe ya kuweka chini yake, chupa safi ya nusu lita yenye kifuniko kinachobana.

Glavu na miwani ya kukinga macho. Watu huona maji haya ni meupe kama ya kunywa, wakajisahau. Yana pH ya juu ya 12. Yakiingia jichoni yanaunguza, na maumivu mara nyingine hufuata baadaye. Yakikuingia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha nenda hospitalini hata kama unajisikia vizuri. Unga wenyewe usiuvute puani. Na usiweke kamwe maji ya chokaa kwenye chupa ya soda katika nyumba yenye watoto.

Tengeneza kigezo

Kigezo ndiye "mwenzake" wa yule mzee: maji ya chokaa ambayo huna shaka kwamba yameshiba.

Jaza chupa ya nusu lita kwa maji ya betri hadi karibu na shingo, ukiacha nafasi ndogo sana ya hewa. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga, kisawazishwe. Hiyo ni kama gramu 3, wakati maji hayo yanahitaji chini ya gramu 1. Ziada ni ya makusudi: hata kama sehemu ya unga imeharibika, iliyobaki itatosha kushibisha maji. Kwa hiyo unga usio safi sana bado unakupa kigezo kizuri, jambo ambalo mwanzoni halikuniingia akilini.

Funga, tikisa kwa dakika mbili, pumzisha, tikisa tena. Fanya hivyo mara nne jioni moja. Kisha weka chupa kando ya ndoo yako ya kudondoshea, chumba kilekile, kivuli kilekile, ilale hapo usiku kucha. Sababu ni joto. Ukiweka kigezo kwenye friji na ndoo sebuleni, umeanza kulinganisha vitu viwili tofauti.

Asubuhi utaona vitu vitatu: utando mwembamba juu kama wa chai iliyopoa, maji maangavu katikati, na unga chini. Unachota maji ya katikati tu.

Tengeneza rangi ya kiashiria

Nusu kijiko cha chai cha manjano kwenye vijiko vitatu vya chakula vya spiriti. Tikisa, acha robo saa, chuja kwa karatasi ya tishu. Fanya mbali na jiko linalowaka. Utapata kimiminika cha rangi ya dhahabu iliyokolea, na vidole vyako vitakaa na rangi hiyo siku mbili.

Manjano ina tabia nzuri kwa kazi hii. Chini ya pH 7.4 ni njano. Juu ya 8.6 ni nyekundu ya udongo. Siki inapomaliza kuizima chokaa, pH huporomoka kupitia eneo hilohilo ndani ya matone machache. Ukitaka kuhakikisha rangi yako inafanya kazi, tone moja kwenye siki libaki njano, tone moja kwenye maji ya chokaa ligeuke kama tofali lililolowa.

Wenye fenolftaleini ya maabara waitumie. Yenyewe hutoka waridi kwenda kukosa rangi, na mwisho wake unaonekana wazi kuliko wa manjano. Kabichi ya zambarau pia inakubali, ila hupitia rangi nyingi njiani na macho yangu hayaaminiki kati ya kijani na buluu.

Pima: siki tone kwa tone

Siki ya chupa ni kali mno kwa bomba dogo, ipunguze. Mililita 10 za siki, mililita 90 za maji ya betri, koroga. Tengeneza ya kutosha kazi nzima mara moja, maana kigezo na sampuli (maji ya ndoo yako) lazima vikutane na siki ileile.

Anza na kigezo.

1. Kwa bomba la "chokaa", chota mililita 20 kutoka katikati ya chupa. Shusha ncha kupita utando wa juu, na usifike kwenye unga. Ukiona hata vumbi jeupe ndani ya bomba, rudisha, subiri itulie, anza upya. Vumbi hilo nalo litakula siki na kukupa ukali wa uongo.

2. Mimina kwenye glasi iliyo juu ya karatasi nyeupe. Ongeza matone matano ya rangi ya manjano. Maji yatageuka mekundu ya kahawia mara moja.

3. Jaza bomba la "siki" hadi mililita 10 kamili, bila kiputo cha hewa.

4. Mimina mililita 1 kwa wakati, ukizungusha glasi. Kila siki inapogusa maji, huacha wingu dogo la njano linalopotea ukizungusha. Tazama wingu hilo, ndilo linalokuambia umefika wapi. Mwanzoni linapotea kufumba na kufumbua. Baadaye linaanza kuchelewa. Likichelewa hadi ukahesabu moja, mbili, acha kumimina na uanze kudondosha.

5. Sasa ni tone kwa tone, ukizungusha baada ya kila tone. Wekundu utafifia kuwa rangi ya chungwa, kisha tone moja litaigeuza glasi yote njano kama kiini cha yai la kienyeji. Hapo umefika. Soma bomba. Likiisha kabla hujafika, andika 10, lijaze tena, uendelee.

6. Rudia mara mbili zaidi. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya mililita 0.4, kuna mahali ulipoharakisha.

Usiiache glasi ikae na rangi ndani kabla ya kuanza. Manjano huharibika taratibu kwenye alkali kali, na ukipokea simu katikati ya kazi utarudi ukute wekundu umechujuka wenyewe.

Kisha fanya vivyo hivyo kwa maji ya ndoo yako. Glasi safi, mililita 20, matone matano, siki ileile.

Hesabu

Gawa siki iliyotumiwa na sampuli kwa siki iliyotumiwa na kigezo, zidisha kwa 100.

Wiki iliyopita kigezo changu kilikula 11.6, 11.8 na 11.6, wastani 11.7. Ndoo ilikula 8.6, 8.8 na 8.6, wastani 8.7. Nikagawa 8.7 kwa 11.7: asilimia 74. Kifuniko cha ndoo kilikuwa na ufa ambao sikuuona.

Utaona kwamba hesabu hii haihitaji kujua ukali wa siki. Iwe 4, iwe 5, iwe imeandikwa uongo, inajikata yenyewe kwa kuwa iko juu na chini. Ila ukitaka kujihakikishia kwamba kigezo hakikuharibika, kuna namba za kukadiria: kwa maji yaliyoshiba katika nyuzi 25, mililita 20 zinahitaji karibu mililita 9.8 za siki ya asilimia 5 iliyopunguzwa mara kumi, au karibu 12.2 za siki ya asilimia 4. Siki yangu imeandikwa 4 na nilipata 11.7, kwa joto la siku ile, lililokuwa linakaribia 30, upungufu huo ndio hasa niliotarajia. Ukipata 7 au 8, rudi uangalie unga wako na jinsi ulivyotikisa.

Njia ya haraka: mita ya EC

Wanaolima mboga kwa maji bila udongo wana kalamu za EC, na wauzaji wa vifaa vya kilimo wanaziuza. Kalamu hii hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya chokaa yaliyoshiba husoma karibu milisiemensi 10.3 kwa sentimita katika nyuzi 25. Chembe zisizoyeyuka hazihesabiwi, na hapo ndipo mita inapoishinda siki: hata maji yakiwa na vumbi kidogo, mradi hujayapunguza, hujali.

Shida ni kwamba kalamu nyingi za bei ya chini zinakomea 9.99, au zinaonyesha ppm (sehemu kwa milioni) na kujaa kabla ya kufika. Punguza: mililita 50 za maji ya chokaa, mililita 50 za maji ya betri, kwa kigezo na kwa sampuli pia. Pima vyote viwili ndani ya dakika chache, suuza kalamu kwa maji ya betri kati yake, gawa kama ulivyofanya na siki. Jibu halitakuwa la kunyooka kabisa, kwa sababu maji dhaifu hupitisha umeme kidogo zaidi ya uwiano wake, lakini kwa kazi ya kila wiki linatosha. Kama unataka kusahihisha kalamu kwanza, na kipimo chake kinafika huko, tumia maji ya kusahihishia ya 12.88, si yale ya 1.413, haya ya pili yako mbali mno na unachopima.

Mita ina udhaifu mmoja mkubwa: haitofautishi chokaa na chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme wa kama 53. Vijiko viwili tu vya chakula vya maji ya tangi vikirudi kwenye ndoo ya lita moja kupitia mpira wa kudondoshea, vimepandisha usomaji kwa kama 1, nawe unashangilia maji makali. Ikiwa mita inasema 95 na siki inasema 75, iamini siki, kisha ukague ncha ya mpira kama haizami kwenye maji ya tangi.

Kwa nini kalamu ya pH ilinidanganya

Maji yaliyoshiba husoma 12.63 katika nyuzi 20, 12.45 katika nyuzi 25, na 12.29 katika nyuzi 30. Yote hayo ni maji yaliyoshiba. Rafiki yangu wa Nakuru, mji ulio juu kuliko Kisumu kwa zaidi ya mita 700 na baridi yake mnaijua, alinipigia akijisifu kwamba yake inasoma 12.6. Hakuwa na siri yoyote. Alikuwa amepima saa moja asubuhi.

Kuna wanaosema kalamu yao "inarekebisha joto yenyewe". Inarekebisha tabia ya kalamu, si tabia ya maji. pH yenyewe inashuka kweli joto likipanda.

Na hata joto likiwa sawa, pH ni kipimo kigumu kusoma hapa. Ukipunguza ukali wa chokaa kwa nusu, pH inashuka kwa chini ya 0.3 tu. Kalamu nyingi za mkononi zinayumba kwa 0.1 katika eneo hilo, na vichwa vyake vya kioo huchoka upesi vikizoezwa alkali kali. Mimi yangu sasa inapima tangi peke yake, ambako inanihusu zaidi: pH ya tangi isipande juu ya 8.5 wakati wa kudondosha.

Ukiwa na kifurushi cha kupimia ualkali tu

Punguza maji ya chokaa mara kumi, mililita 5 pamoja na 45 za maji ya betri, pima kama maji ya tangi. Yaliyoshiba yatasoma kama dKH 11.4. Ukipata 8, una asilimia 70. Ni njia nzuri ya dharura, ila kifurushi hicho ni ghali na vumbi linakidanganya kama linavyoidanganya siki.

Umepata namba, sasa?

Juu ya 90, sifanyi kitu. Tofauti hiyo inaweza kuwa mkono wangu tu.

Kati ya 75 na 90, natafuta hewa inaingilia wapi. Kifuniko, tundu la mpira, au pampu inayokoroga ndoo saa zote. Kukoroga kunatosha mara moja, baada ya kujaza. Ukiendelea unaipa kaboni dioksidi nafasi. Kuna mtu niliyemtembelea Milimani aliyeweka jiwe la hewa, lile la kutolea viputo vya pampu, ndani ya ndoo "ili chokaa isitulie". Alikuwa anaichoma chokaa yake kwa hewa ya sebule.

Chini ya 75, natengeneza upya. Naosha ndoo, naondoa tope lote, naanza na maji mapya na vijiko kama viwili vya chai kwa kila lita 4. Nakoroga, nafunga, nasubiri usiku mzima. Sifungui mpira hadi nione maji yameangaza hadi chini, na ncha ya kunyonyea iko vidole vitatu juu ya unga.

Jambo moja la hatari: ukigundua kwamba umekuwa ukidondosha maji ya asilimia 60 kwa mwezi, usirukie lita zote 3 za maji mapya siku hiyohiyo. Matumbawe yamezoea ualkali wa chini. Anza na nusu ya maji ya chokaa na nusu ya maji ya betri, pima ualkali wa tangi kila jioni, panda taratibu kwa siku tano au sita hadi urudi kwenye eneo lako, ambalo kwa wengi ni kati ya dKH 7 na 11. Na dondosha usiku, wakati pH ya tangi iko chini kwa kawaida.

Ukikuta tangi limekwisha kugeuka jeupe kama langu, funga mpira, acha pampu za mzunguko zifanye kazi, fungua madirisha, pima pH na ualkali kabla ya kutia kitu chochote. Weupe ule ni kabonati. Utatulia au utashikwa na kichujio. Langu lilichukua siku mbili kuangaza. Nilipoteza tumbawe moja laini, na kamba mdogo aliyekuwa akiishi nyuma ya jiwe sikumwona tena.

Mabaki ya kipimo, yale ya njano, yamekwisha kuzimika na yanaweza kwenda kwenye sinki. Maji ya chokaa yaliyobaki yatie siki hadi manjano ibaki njano, ndipo uyamwage. Tope la chini ya ndoo usilipeleke kwenye sinki, litaganda ndani ya bomba. Liache likauke kwenye karai, ukiwa na glavu. Kigezo kifunge vizuri, andika tarehe kwenye chupa. Mimi hukitumia wiki mbili, kisha natengeneza kingine.